Koko Alipogeukia Ukuta

Mama mwenye parseli yetu, yaani kiwanja chenye vyumba tunavyopanga, ambaye wapangaji wote tunamwita Koko, alikuwa na namna yake ya kumpa mgeni Wi-Fi. Kode, yaani neno la siri, hakuitaja hata siku moja. Alikuwa ananyoosha mkono, anapokea simu yako, anavaa miwani, anageukia ukuta wa sebule pale inapotundikwa kalenda ya parokia, kisha anainua kiganja cha kushoto kama mtu anayekinga njiti ya kibiriti isizimwe na upepo. Kidole kimoja kinaandika polepole, herufi kwa herufi. Akimaliza anangoja mpaka alama ya Wi-Fi itokee juu ya kioo, ndipo anakurudishia simu yako.

"Sasa iko ndani," anasema.

Na kweli ilikuwa ndani, kuliko alivyodhani. Kode ikishaandikwa kwenye simu yako inabaki humo, na ukitaka kuisoma unaisoma, aliyekuandikia awe ameziba kwa kiganja au hakuziba. Mimi nimekaa kwa Koko miaka mingi, nimeshika simu hiyo kila siku, na nilikuwa sijui. Nilijua siku kode ilipopotea.

Tunakaa Kadutu, hapa Bukavu, Kongo, kwenye mteremko, kaya nne ndani ya parseli moja. Zamani kila mtu alikuwa ananunua mega zake, yaani intaneti ya simu, na mega za kununua kidogo kidogo ni kama makaa ya kununua kwa kopo: unatoa pesa nyingi na moto hauchelewi kuzima. Binti wa Koko aliyeolewa Lubumbashi akatuma pesa ya kununua modemu. Tukakubaliana kila kaya itoe dola nane kwa mwezi, Koko akusanye na kulipa. Mimi ninafundisha kemia kwenye shule ya sekondari, na kabla ya modemu ile nilikuwa nakwenda mpaka mtaa wa Nyawera kupakua items, yaani maswali ya zamani ya Examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, ili wanafunzi wangu wajipime. Baada ya modemu nilizipakua nikiwa nimekaa kitandani, mvua ikinyesha. Msichana wa chumba cha juu anasomea uuguzi. Vitabu vyake vyote viko kwenye simu. Kwetu Wi-Fi ya Koko haikuwa starehe.

Ilikuwa Novemba 2023, mvua zimekolea. Koko alikuwa uani anasafisha sambaza, samaki wake wa kuuza, simu ikamchomoka kifuani ikaingia ndani ya beseni. Tuliitoa, tukaifuta, tukaizika kwenye mchele siku mbili. Kioo kilibaki cheusi. Binti yake akatuma simu nyingine na msafiri, nzuri, mpya, na jambo la kwanza simu ile iliuliza ni kode ya Wi-Fi.

Koko hakushtuka. Kichwani kode ilikuwa imemtoka, lakini alikuwa ameiandika kwenye karatasi, na karatasi iko ndani ya kitabu cha nyimbo. Akakileta. Kitabu kilikuwa kimelala juu ya kabati, chini ya bati lililotoboka, na kurasa zilikuwa zimegandamana kama mikate iliyookwa pamoja. Alichukua kisu cha jikoni akaanza kuzibandua, ukurasa mmoja mmoja, bila haraka, huku akipuliza. Karatasi aliipata. Wino ulikuwa umeyeyuka wote ukawa doa moja la buluu, zuri hata kulitazama, lisilo na herufi hata moja.

"Yesu wangu," alisema, akalikunja tena akalirudisha ndani ya kitabu.

Kijana aliyefunga modemu alishahamia Kalemie na namba yake haipiti. Chini ya modemu kulikuwa na kile kibandiko cha kiwandani chenye kode ya mwanzo. Kijana alikuwa ameshaibadilisha ile kode, na hata kibandiko chenyewe Koko amekipangusa na kitambaa chenye maji kila Jumamosi mpaka kikawa cheupe.

Lakini simu zetu zilikuwa bado zimeunganishwa. Tulizihesabu: sita. Kode ilikuwa ndani ya simu sita za watu waliosimama pamoja uani, na hakuna hata mmoja aliyeijua. Hapo ndipo kijana wa chumba cha tatu alipofanya jambo ambalo nakuomba wewe unayesoma usilifanye. Aliona kwenye simu yake neno "Oublier", yaani sahau, akadhani akilibonyeza na kujiunga upya ataiona kode ikipita. Simu ikasahau kama ilivyoambiwa. Dada yake naye, kabla hatujamzuia, akabonyeza vilevile ajaribu kama yake itafanya tofauti. Zikabaki nne. Ukishabonyeza neno hilo simu inafuta kode na hairudi, kwa hiyo kama unaitafuta usiliguse kabisa.

Akaitwa fundi. Aligeuza modemu, akaonyesha kitundu kidogo cha nyuma, akasema atakibonyeza kwa sindano, modemu irudi kama ilivyotoka dukani, halafu ataipanga upya yote kwa dola kumi na tano. Koko akauliza kama hakuna njia nyingine. Akasema hakuna. Sitamlaumu kwa kutaka kula jasho lake, lakini neno "hakuna" halikuwa kweli, na dola kumi na tano kwa mjane anayeuza samaki ni siku nyingi za kukaa juani. Nilimwomba Koko anipe usiku mmoja.

Usiku huo umeme ulikatika, kama kawaida. Modemu ilikuwa imezimika, na nilidhani hilo litanizuia. Halikunizuia. Simu yangu ni Tecno ya Android 12, na kama simu nyingi za hapa Bukavu iko kwa Kifaransa. Niliingia "Paramètres", yaani mipangilio, nikaenda penye Wi-Fi, nikateremka mpaka "Réseaux enregistrés", yaani mitandao iliyotunzwa. Hiyo orodha yenyewe ilinishika kwa muda. Majina ishirini na matatu. Hoteli ndogo ya Uvira tulipolala tukienda kuzika baba mkwe. Wodi ya wazazi alipozaliwa mtoto wetu wa pili. Shule niliyoiacha. Sikujua kama nimekuwa nikitembea na funguo za nyumba zote hizo mfukoni.

Nikabonyeza jina la mtandao wa Koko. Likafunguka, na pale juu kulikuwa na neno "Partager", ambalo kwenye simu iliyowekwa Kiswahili ni "Shiriki". Nikaligusa. Simu ikadai kidole changu, nikaweka kidole, ukatokea ule mraba wa vijiraba vyeusi na vyeupe, yaani msimbo wa QR. Na chini yake, kwa herufi ndogo za kijivu, kode yenyewe.

sambaza7

Ninaiandika hapa kwa sababu tulishaibadilisha. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa ataisoma kama amri ya kueneza kitu. Kwetu kando ya Ziwa Kivu sambaza ni wale dagaa wadogo wa rangi ya fedha walioletwa ziwani kutoka Ziwa Tanganyika, chakula cha kila nyumba, na kwa Koko ni maisha yake yote: ameuza sambaza tangu akiwa msichana. Kesho yake aliniambia kwamba kijana wa modemu alimtaka achague neno, akasema "sambaza", kijana akakataa kuwa ni fupi. Herufi saba. Kode ya Wi-Fi ya aina hii haishuki chini ya nane na haizidi sitini na tatu. Basi akaongeza 7, idadi ya watoto aliozaa.

Asubuhi nilitaka kuwa na hakika kwamba si bahati ya simu yangu tu, kwa hiyo tulijaribu na nyingine tatu zilizobaki. Samsung ya baba wa chumba cha pili ilitoa mraba tu, bila maandishi chini. Tuliupiga picha ya kioo, tukaifungua kwenye picha zake kwa ile programu ya Google inayosoma vitu, na maandishi yaliyofichwa ndani ya mraba yakatoka yote: WIFI:T:WPA;S: kisha jina la mtandao, P: kisha kode. Hakuna uchawi ndani ya ule mraba, ni sentensi iliyoandikwa kwa madoa. Wajapani wa Denso Wave waliutengeneza mwaka 1994 kwa ajili ya vipuri vya magari. Msichana wa uuguzi ana iPhone aliyopewa na mjomba wake. Pale unaingia kwenye Wi-Fi, unagusa ile herufi i ndani ya duara pembeni ya jina la mtandao, unagusa vidoti vya kode, inakusoma uso au kukudai namba zako, na vidoti vinageuka maneno. Simu ya nne ilikuwa ya zamani, Android 8, na hiyo haina kitufe cha kushiriki. Kode imo, lakini imefungiwa kwenye faili ambalo mwenye simu wa kawaida haruhusiwi kulifikia. Kwa simu kama hiyo usihangaike. Tafuta simu nyingine iliyounganishwa, au kompyuta. Kwenye Windows unafungua dirisha jeusi la amri na kuandika netsh wlan show profile name="jina la mtandao" key=clear, kisha unaangalia mstari wa "Contenu de la clé" kama kompyuta yako iko kwa Kifaransa.

Kijana wa chumba cha tatu alikuwa ameshapakua programu inayojinadi kwamba inavunja Wi-Fi. Nilimwomba aifute mbele yangu. Nyingi za aina hiyo hazivunji kitu. Zinakudai ruhusa ya kujua ulipo na namba za watu wako, na baadhi zinachukua kode zilizoko kwa mtumiaji mmoja na kuwagawia wengine. Mtu anayetafuta kode ya nyumba yake anaishia kuigawa kode ya nyumba yake.

Sasa nifike kwenye kilichonisukuma kuandika.

Nilimwita Koko nikamwonyesha kode kwenye kioo changu. Nilitarajia atafurahi, na alifurahi, akapiga makofi mara moja. Kisha akanyamaza. Akaichukua simu, akaiangalia karibu na uso.

"Mwalimu, hii niliandika mimi, nikaficha. Wewe umeiona namna gani?"

Nikamweleza.

"Kwa hiyo wote beko nayo?"

"Wote wenye simu za siku hizi, Koko."

Akaanza kuwahesabu kwa vidole. Vijana wa korali waliokuja kufanya mazoezi siku tatu. Mkwe wake. Yule mpangaji wa chumba cha nyuma aliyehama usiku bila kulipa miezi mitatu. Mtoto wa jirani, ambaye Koko alimwandikia mara moja tu ili aangalie matokeo ya mtihani. Kila akitaja mtu ananitazama, nami naitikia. Vidole vilipomwishia akaweka mikono mapajani.

"Basi nilikuwa naficha nini?"

Sikuwa na jibu. Nilimwona kama mtu aliyefunga mlango wake kila usiku kwa miaka, halafu siku moja anagundua kwamba kitasa kilibadilishwa na hakuna aliyemwambia. Kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Wakati Koko anaanza kugeukia ukuta na simu yake ya kwanza, mkono ule ulikuwa kinga ya kweli: kode ikiingia ndani ya simu ya mgeni, mgeni hakuwa na njia ya kuitoa bila ujuzi wa kuifungua simu mpaka ndani kabisa. Kisha ikaja Android 10 mwaka 2019 na kitufe cha kushiriki. iPhone zikafuata kwa iOS 16 mwaka 2022. Kitufe kiliingia kimya kimya ndani ya simu za watu wote waliowahi kupita sebuleni kwake, na mkono wake ukaendelea kuziba kitu kilichokwisha kuwa wazi.

Sitaki kitufe hicho kiondolewe. Kimemwokoa dola kumi na tano, na kode ni ya kwake, ni haki aione. Ninachokipigania ni kwamba watu waelezwe. Koko anasoma Kiswahili vizuri sana, anasoma masomo kanisani. Hakuna mahali popote alipokutana na sentensi moja ya Kiswahili isemayo: mama, ukimwandikia mtu kode kwenye simu yake, umempa.

Aliniuliza pia kwa nini simu inaitunza kode kwa namna inayosomeka, badala ya kuitafuna ikaisha. Swali zuri, na lilinichukua jioni nzima. Mwisho nilimjibu kwa kazi yangu. Chukua wanafunzi wawili, mmoja ndani ya darasa na mmoja uani. Kila mmoja ana dawa zile zile na kipimo kile kile. Anachanganya peke yake, kisha wanaonyeshana rangi. Rangi zikifanana, kila mmoja anajua mwenzake ana dawa za kweli, na hakuna aliyelazimika kumpitishia mwenzake chupa dirishani. Simu na modemu ya Koko zinafanya hivyo. Kode haipiti hewani. Kila upande unachukua kode pamoja na jina la mtandao, unavichanganya mara 4096, unapata ufunguo mrefu, kisha pande mbili zinapimana kwa hesabu kama funguo zao ni sawa. Ndiyo maana simu haiwezi kuzimwaga dawa. Inazihitaji, au inahitaji kile kilichopikwa kutokana nazo, kila mara inapojiunga upya. Tovuti ni kitu kingine: tovuti iliyotengenezwa vizuri inatunza alama tu ya neno lako la siri, kwa kuwa wewe unaliandika au unalileta upya kila unapoingia.

Na mfano ule una upande wake mbaya. Mtu aliyesimama nje ya dirisha akiziona rangi anaweza kwenda nyumbani kwake na kujaribu dawa nyingi mpaka apate rangi ile ile. Anayenasa mazungumzo ya simu na modemu anaweza kujaribu maneno kwa maelfu akiwa ametulia, bila modemu kujua. Neno la kawaida na tarakimu moja nyuma yake halimchoshi. Nilimwambia Koko hivyo kwa upole, kwa sababu ya wale watoto saba.

Jumapili baada ya misa tulikaa wote sebuleni tukaibadilisha. Niliunganisha simu yangu, nikafungua 192.168.1.1 pale ninapoandika anwani za tovuti, na ukurasa wa modemu ukafunguka. Kijana wa Kalemie alikuwa ameacha neno la kiwandani la kuingilia humo, kwa hiyo tulipita, na hilo nalo tukalibadilisha. Koko alitunga kode mpya mwenyewe, maneno manne yasiyohusiana, akayanong'ona sikioni mwangu huku wengine wakiangalia pembeni kwa heshima. Nilipobonyeza kuhifadhi, simu zote za sebule zilikatika kwa pamoja. Msichana wa uuguzi akasema, "Ee," na Koko akatazama huku na huku, nyuso zote zimeinamia vioo. Nadhani ndiyo mara ya kwanza aliona kwamba mtandao ule uko mkononi mwake. Modemu yake pia inaweza kutoa mtandao wa pili wa wageni, wenye jina na kode yake, nao tukaufungua.

Wawili kati yetu hawakuwa wameweka kufuli yoyote kwenye simu. Tuliwaomba waweke siku ile ile. Simu yenye kufuli inadai kidole au namba kabla ya kuonyesha kode. Isiyo na kufuli haidai kitu, na yeyote uliyemwazima apige simu mara moja anaweza kutoka nayo.

Wiki mbili baadaye alinitembelea mwalimu mwenzangu kutoka Bagira, tusahihishe mitihani pamoja. Aliamkia, akakaa, akaomba Wi-Fi. Koko alinyoosha mkono kwa mazoea, mkono ukafika katikati, ukarudi. Akatoa simu yake mwenyewe kifuani, akavaa miwani, akagusa hapa na pale bila kuniuliza, mpaka mraba wa mtandao wa wageni ukatokea. Akaushika mbele yake kwa mikono miwili.

"Elekeza yako hapa, mwanangu."

Mgeni akaelekeza. Koko akangoja alama itokee, kama zamani. Halafu akafungua lile daftari analoandikia kodi za vyumba, akageuza mpaka ukurasa wa mwisho, akamuuliza jina lake, na akaliandika pamoja na tarehe.